Debe la Bi Nukta

Debe lilianguka Jumatano, saa tatu asubuhi, na aliyeliangusha ni mimi. Naanza hapo ili msihangaike kumtafuta mkosaji. Mwaka ule walihangaika watu wa kutosha, na aliyehangaika kuliko wote ni mwanamke ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Tulimwita Bi Nukta. Jina lake la kwenye barua za serikali lilikuwa refu na zuri, lakini ofisini hakuna aliyelitumia. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa anataja kitu bila kukimalizia na desimali. Ukimuuliza saa, anakuambia saa nne na dakika kumi na saba. Ukimuuliza urefu wa mumewe, anakutajia mpaka nusu sentimita, kisha anaongeza kwamba anapungua, uzee huo. Alikuwa amekaa miaka ishirini na tisa kwenye ofisi ya vipimo. Alianzia sokoni, akipima mizani za wauza unga na mtoto mgongoni, na mtoto huyo sasa naye ana mtoto. Ilibaki miezi saba astaafu.

Mimi ni dereva wake. Kazi yangu ni gari, matairi na kumfikisha anakotaka kufika. Debe halikuwa kazi yangu, na hilo ndilo linaloniuma.

Msilifikirie debe la kuchotea maji. Hili ni la chuma kinachong'aa, lita ishirini, lina shingo nyembamba yenye kioo na mistari. Tukifika kituo cha mafuta, mkaguzi anaamuru pampu itoe lita ishirini kamili ndani ya debe, kisha anainama na kuchungulia kioo. Mafuta yakisimama kwenye mstari wa kati, pampu imesema kweli. Yakiwa chini ya mstari, mnunuzi anaibiwa. Yakiwa juu, mwenye kituo anajiibia mwenyewe. Sheria inasamehe mililita mia moja kila upande. Zaidi ya hapo fundi anaitwa, anarekebisha pampu hadi debe likubali, na mkaguzi anaifunga kwa lakiri ili asiichezee mtu. Pampu zote za wilaya zinaamini debe moja. Likikosea lenyewe, hakuna wa kulikosoa.

Jumatano ile Bi Nukta alikuwa ameomba siku tatu aende kwa binti yake aliyejifungua. Aliniachia gari na onyo moja: "Debe langu usiliguse." Sasa mtu akikuambia usiguse kitu, na huna safari, na gari umeshaliosha mara mbili, mkono unawasha. Nikasema nitaling'arisha, akirudi acheke. Nikalitoa kwenye sanduku lake lenye sponji, nikaliegesha juu ya bampa, na simu yangu ikalia. Nilisikia mshindo mmoja tu. Lilitua kwa kitako juu ya jiwe la ukingo wa maegesho.

Kitako kilikuwa kimebonyea ndani, kiasi cha kiganja. Nikatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Nikatafuta bomba la chuma, nikalipenyeza shingoni, nikagonga kutokea ndani taratibu hadi kitako kikarudi. Karibu kirudi chote. Lilibaki kovu. Kwenye droo ya gari kulikuwa na stika ambazo meneja alituamuru tubandike kwenye kila kifaa cha ofisi, herufi za kijani: UBORA NI SISI. Nikabandika moja juu ya kovu. Ilikaa vizuri mno.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Njooni niwaonyeshe ubao wa kwenye korido yetu.

Meneja wetu tulimwita Mkakati, naye alijua na alipenda. Alikuwa mtu mwema, mwenye tai tatu na imani moja: kwamba kitu kisichoandikwa kwenye mpango mkakati hakipo. Ubao wake ulikuwa mrefu kuliko mlango. Pampu zilizokaguliwa, malalamiko ya wateja yaliyofungwa, mizani zilizopigwa mhuri, kila kiashiria na rangi yake: kijani, njano, nyekundu. Kulikuwa na safu ya vifaa vilivyoharibika, na humo iliandikwa sifuri tangu ubao utundikwe. Kila Jumatatu tulisimama mbele yake kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani. Aliyeleta wekundu alisimama peke yake upande wa dirishani. Hakufokewa. Meneja alimtazama tu kwa huzuni, na nadhani kufokewa kungekuwa nafuu.

Kisha kulikuwa na habari ya maabara. Kila mwaka debe linatakiwa kwenda makao makuu kupimwa, na huko linakaa wiki tatu. Wiki tatu bila debe ni wiki tatu bila pampu hata moja kwenye ubao. Zamu yetu ilikuwa mwezi uleule, na Mkakati aliandika barua nzuri kuomba iahirishwe hadi jopo la ubora litakapopita. Jopo hilo lilikuwa linazunguka matawi yote kutafuta tawi la kupewa kombe. Barua ikakubaliwa. Niliposikia, nilipumua, na nikajichukia kwa kupumua.

Bi Nukta akarudi na picha za mjukuu, kilo tatu nukta moja, tukaingia kazini. Kituo cha kwanza, akainama, akachungulia, akanyanyua uso.

"Imezidi," akasema. "Mia moja na ishirini."

Nilielewa nusu, na nusu nyingine nikakataa kuielewa. Kitako kikiingia ndani, debe linakuwa dogo. Debe likiwa dogo, mafuta sahihi yanapanda juu ya mstari. Fundi akaja, akapunguza pampu hadi debe likaridhika, Bi Nukta akapiga lakiri. Mwenye kituo alicheka hadi machozi. "Nilikuwa najipunja mwenyewe! Asante serikali!" Na kuanzia dakika ile, kila aliyenunua lita ishirini pale alipungukiwa na kikombe cha chai, kwa mkono wa ofisi iliyoundwa kumlinda.

Miezi mitano. Pampu mia mbili na kumi na nne.

Karibu wote walitushukuru. Mmoja alikataa. Tulimwita mzee wa pampu moja, kwa sababu kituo chake cha barabara ya mlimani kilikuwa na pampu moja tu na benchi moja. Kila asubuhi alijipimia mwenyewe kwa kikopo chake cha lita tano.

"Pampu yangu haizidishi wala haipunguzi," alimwambia Bi Nukta.

"Mzee wangu, debe linasema imezidi mia na ishirini."

"Basi debe lako linasema uongo."

Nilikuwa nimesimama kando ya gari. Nilifungua boneti nikajifanya naangalia maji. Bi Nukta hakuwahi kuambiwa maneno hayo kwa miaka ishirini na tisa, na alikasirika kimyakimya, namna yake. Akabandika stika nyekundu: IMEFUNGWA. Ilikaa pale siku nne, hadi mzee alipoita fundi. Lakini watu wakiona nyekundu hawasomi zaidi. Waliamini amekamatwa anaiba. Wateja wakahamia kituo cha ng'ambo, na hata nyekundu ilipotoka hawakurudi.

Nadhani ni neno la mzee yule lililomwingia. Tangu hapo Bi Nukta hakutulia. Kwenye gari alifungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. Aliniambia nigeuze, turudi kituo tulichotoka, apime upya. Baada ya kumwaga, debe linatakiwa kuachwa lidondoshe matone kwa sekunde thelathini. Yeye sasa aliliacha sitini, akitazama saa, mguu ukigonga lami. Alibadilisha miwani. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya taa, akasema ghafla:

"Dereva, hebu niambie. Wauza mafuta wamekuwa wakarimu tangu lini?"

"Labda wameogopa Mungu, mama."

"Wote? Kwa mililita zilezile?"

Taa ikawa kijani na bado nilikuwa nimesimama hadi wa nyuma wakapiga honi. Mimi nami nilikuwa sikai. Chakula nilikula nimesimama. Mke wangu aliniuliza kama nina mwanamke mwingine, nikamwambia nina debe, akaninunia siku mbili.

Kisha ikaja barua. Bi Nukta alikuwa ameongoza nchi nzima kwa idadi ya pampu, na jopo la ubora lingemkabidhi cheti cha Mkaguzi Bora siku ya Alhamisi, mbele ya meneja na wageni. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kupewa hata kalamu. Mumewe, mwalimu mstaafu, alimshoneshea gauni la bluu na kumwambia kila mtu mtaani kwao, wengine mara mbili. Nilimwona Bi Nukta akiisoma barua ile kwenye korido. Alitabasamu, kisha akaikunja ndogo sana, akaiweka mfukoni kama kitu alichookota.

Jumamosi iliyotangulia Alhamisi ile, saa tano asubuhi, akanipigia. "Niletee debe nyumbani."

Nyumba yao ilikuwa ndogo, safi, na vikombe jikoni vilipangwa kwa kimo. Juu ya meza ya kulia palikuwa na mizani ya kidijitali aliyoazima kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, na aliyeipiga mhuri mizani hiyo ni yeye mwenyewe. Mwalimu alikaa na daftari na kipimajoto.

"Karibu, kijana wetu," akasema. "Leo tunapika maji."

"Mume wangu, acha masihara," akasema Bi Nukta, naye hakuwa anacheka.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Maji hayana cha kuficha: lita ishirini, kwa joto la siku ile, zina kilo kumi na tisa na gramu mia tisa arobaini. Tukapima debe tupu. Tukalijaza hadi mstari wa kati, tukapima tena. Mwalimu akatoa uzito wa debe tupu, akasoma: "Kumi na tisa, nukta, mia nane na ishirini."

"Rudia."

Tukarudia. Ileile. Mara ya tatu mimi ndiye niliyekuwa namimina, na maji yakamwagika kwenye kitambaa cha meza. Bi Nukta aliyatazama maji, akaitazama mikono yangu. Alimwaga debe sinkini, akalipindua juu ya goti lake, akaiona stika.

"Nani anabandika kauli mbiu kwenye kitako?" aliuliza, polepole.

"Amri ilisema kila kifaa, mama. Haikusema wapi."

Akaibandua kwa kucha, taratibu, kuanzia pembeni. Akapitisha kidole gumba juu ya kovu. Mwalimu aliinuka, akaenda jikoni bila sababu.

"Lini?"

"Ulipokwenda kujionea mjukuu."

Nilitaraji kofi, au makelele. Ningeyapokea yote kwa shukrani. Badala yake alianza kutembea, kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, debe kalikumbatia kifuani, midomo ikihesabu. Nilijua anachohesabu. Alikuwa anapita kituo kimoja kimoja.

"Yule mzee," akasema mwishowe, akaketi sakafuni na gauni lake la nyumbani, akalia kwa sauti. Mimi nikalia pia. Sioni haya kusema.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujasimama mbele ya ubao, aliingia kwa meneja na kuniambia niingie naye. Akaeleza yote kwa dakika nne. Mkakati alivua miwani, akaivaa, akaivua.

"Mama yangu, jopo linakuja Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Ijumaa tunalipeleka debe maabara, tunaanza marekebisho kwa utaratibu. Siku nne tu. Nani atakufa kwa siku nne?"

"Hakuna atakayekufa," Bi Nukta akasema. "Watapunjwa tu. Kama jana. Na sasa tunajua."

"Kwenye mpango hakuna kiashiria cha kurudia kazi. Nitaiandika wapi? Pampu mia mbili na kumi na nne, niziondoe? Ubao wote utakuwa mwekundu! Tutatoka wa kwanza tuwe wa mwisho."

"Ndiyo."

"Na cheti chako?"

Hapo aliufungua mkoba wake, akaufunga.

"Gauni limeshashonwa," akasema. "Nitalivaa siku nyingine."

Mkakati aligonga meza kwa kalamu. Kisha, na hili nampa sifa yake, akavuta karatasi akaandika kwa mkono wake kibali cha kuazima debe la tawi jirani. Kuhusu ubao hakusema chochote. Tulipokuwa tunaondoka tulimkuta amesimama mbele yake na kitambaa chenye maji, kama mtu aliyetumwa kuosha maiti ya ndugu.

Fomu ya taarifa ilikuwa na sehemu ya chini: jina la aliyesababisha. Bi Nukta aliijaza garini, tukiwa njiani, na aliposhuka kununua maji nikaisoma. Aliandika jina lake, lile refu. Mbele yake: "Kwa kutopima debe lake kabla ya kupima pampu za watu." Langu halikuwepo. Nilikaa nalitazama lile jina hadi macho yakauma. Nikachukua kalamu, nikaandika la kwangu juu ya lake, na tarehe, na saa tatu asubuhi. Aliporudi aliisoma, akapenga kamasi, akaiweka kwenye bahasha.

Debe la kuazima tulilipata Jumanne, mwendo wa saa tatu kwenda na tatu kurudi. Nililifunga mkanda wa abiria kiti cha mbele. Yeye alikaa nyuma.

"Tunaanzia wapi, mama?"

"Unajua tunapoanzia."

Mzee wa pampu moja alikuwa kwenye benchi lake. Ng'ambo ya barabara foleni ilikuwa ndefu. Kwake hapakuwa na mtu. Alipotuona aliinuka akasimama mbele ya pampu, mikono nyuma.

"Mnanifunga tena?"

"Hapana, mzee wangu. Naomba uniruhusu kupima."

Fundi tuliyekuja naye akafungulia. Lita ishirini. Bi Nukta akainama kwenye kioo cha debe la kuazima, akakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imepungua mia na ishirini," akasema. Kisha akanyooka, akavuka barabara, huyo, hadi katikati ya foleni ya watu wenye pikipiki na magari, akapaza sauti ambayo sikujua anayo.

"Jamani! Mimi ndiye mkaguzi wa vipimo. Pampu ya yule mzee ilikuwa sahihi. Nikaifunga kwa debe bovu, nikamlazimisha aipunguze. Hakuwaibia. Aliyewapunja ni mimi, na pampu hii mnayopangia foleni nimeipunguza mimi pia, na leo nairekebisha."

Watu waliduwaa. Mmoja alicheka, mwingine akatukana, mama mmoja aliuliza kama atarudishiwa mafuta yake. Bi Nukta alipokea yote amesimama wima, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Mimi niliona uwanja ule si wake peke yake, nikavuka.

"Debe niliangusha mimi," nikasema. "Nikaficha."

Basi matusi yakagawanyika, na kwake yakapungua.

Tuliporudi, fundi alikuwa ameshairudisha pampu ya mzee ilipokuwa. Bi Nukta akapima, akamwita mzee aje aangalie mwenyewe. Mzee akainama kwa shida, mkono mgongoni. Mafuta yalikuwa kwenye mstari wa kati, kabisa. Hakunyanyuka haraka.

"Na wewe," aliniuliza akiwa bado ameinama, "miezi mitano hiyo ulikuwa unalala?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri," akasema. "Na mimi nilikuwa silali."

Bi Nukta akafungua mkoba atoe lakiri na waya wake. Waya ukamponyoka mara mbili. Mzee akaushika waya upande wake, yeye akaushika upande wake, wakaufunga pamoja. Kisha akachukua daftari, akapiga mstari kwenye namba ya kwanza.

"Twende, dereva," akasema. "Zimebaki mia mbili na kumi na tatu."